Tasnifu Kwenye Kiti cha Bibi Harusi

Mwanafunzi wangu wa mwisho nilikuwa nampa shikamoo. Yeye alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mimi arobaini na minne, na kila alipoingia ofisini tulianza kwa kubishana nani amwamkie mwenzake.

"Shikamoo, Mama."

"Acha hizo, wewe ni mwalimu wangu."

"Shikamoo nimeshaitoa, hairudishwi."

"Haya, marahaba. Tusome."

Alikuwa anafundisha shule ya msingi Idodi, na kwa miaka sita alipanda basi kuja Iringa mjini siku za Jumamosi na za likizo, kuandika tasnifu ya uzamili katika historia. Miaka sita! Wenzake walioanza naye kwenye masomo ya biashara walikuwa wameshahitimu, wamepiga picha, na majoho wamesahau walikoyaazima. Yeye bado alikuwa anahoji wazee.

Aliandika kuhusu vinyungu. Kwa asiyejua, vinyungu ni vile vibustani vya bondeni ambavyo huku kwetu watu hulima kiangazi, udongo wa chini ukiwa bado na unyevunyevu na mashamba ya juu yameshakauka. Maharage mabichi unayokula Iringa mwezi wa tisa yametoka huko. Mama yake alilima kinyungu kimoja kwenye kijiji alichozaliwa huyu mwanafunzi wangu, kwa kina baba yake, kule milimani. Baba alipofariki, ukoo ulikaa kikao, kinyungu kikachukuliwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa fupi: mwanamke hajawahi kumiliki kinyungu. Yeye alikuwa darasa la sita, amekaa mlangoni, anasikia. "Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza kabisa, "mimi nataka tu iandikwe kwamba waliongopa." Nikamwambia hiyo siyo mada ya tasnifu, ni ugomvi. Akaniambia basi nimsaidie kuugeuza uwe mada. Nilimpenda hapo hapo.

Sasa, chuo chetu. Mwaka wake wa nne tuliletewa Mkurugenzi wa Biashara, cheo ambacho hatukuwahi kuwa nacho na wala hatukujua kwamba tunakikosa. Nasikia alitoka kwenye kampuni ya soda, na aliuza vizuri sana. Kikao cha kwanza alituambia kuanzia siku hiyo hakuna wanafunzi, kuna wateja. Idara haziitwi tena idara, ni vituo vya mapato. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Mteja akifeli, tunambadilishia bidhaa au tunamrudishia fedha?" Ukumbi ulicheka. Yeye hakucheka, aliandika kitu kwenye daftari lake. Mdomo wangu huu umeniponza mara nyingi, na bado sijaujulia.

Tukagawiwa fulana za kijani zilizoandikwa kifuani MTEJA KWANZA. Mimi na mwili wangu huu nilipewa saizi ya mtoto wa sekondari. Nikaivaa kusimamia mtihani, kwa shari tu. Kijana mmoja wa mwaka wa pili akanyoosha mkono, nikadhani anataka karatasi ya ziada. "Madam," akanong'ona, "swali la tatu linanisumbua. Si mmesema mteja kwanza?" Nilimfukuza kwa macho, lakini nilivyofika nyumbani nilicheka mpaka mbavu zikauma, maana kwa mantiki ya fulana yangu kijana alikuwa na haki.

Kisha kila idara ikaambiwa ikatafute wateja wake. Sisi wa historia tulikuwa wawili: mimi na mzee mmoja aliyebakiza miezi michache astaafu. Tukapangiwa Chunya. Tulilala Mbeya, kesho yake tukapanda mpaka Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, tukasimamisha mwavuli sokoni, tukatandaza vipeperushi. Mzee mwenzangu alishika kipaza sauti akaeleza umuhimu wa kujua tulikotoka. Wachimbaji walimsikiliza kwa heshima zote, wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Mmoja akauliza, "Mzee wangu, hiyo historia inatoa gramu ngapi?" Mzee akajikohoza. Akasema inategemea. "Inategemea mwamba?" Inategemea mchimbaji, akasema mzee, na watu wakampigia makofi, lakini hakuna aliyejaza fomu. Mmoja alichukua vipeperushi kumi, nikafurahi, baadaye nikamwona mama wa maandazi anafungia navyo.

Barua ilifika Mei. Kituo cha mapato cha historia kitafungwa mwisho wa Juni kwa kukosa wateja. Mwanafunzi yeyote ambaye atakuwa hajatetea tasnifu yake na kusainiwa fomu kufikia Jumatatu ya mwisho, atahamishiwa shahada ya uongozi wa biashara, aanze mwanzo. Wanafunzi wa aina hiyo walikuwa mmoja. Nilimpigia simu kwa hasira. Akauliza, "Mwanzo wa wapi?" Nikamwambia mwanzo kabisa, Mama, utangulizi wa masoko. "Sitaanza," akasema. "Nitarudi Idodi nife na vinyungu vyangu kwenye boksi."

Kwa hiyo utetezi ulipangwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mtahini wa nje alitoka Mbeya, profesa Mnyakyusa mwenye kicheko kikubwa, aliyeshuka kwenye basi na mfuko wa mchele wa Kyela, zawadi yangu, akisema Wahehe tunaweza kupika ugali tu. Chumba cha semina tulichozoea kilikuwa kimepangishwa kwa wakala wa bima. Nikaenda ofisi ya mauzo (ndiyo, tulikuwa nayo) nikaomba ukumbi mkubwa. Binti wa pale akaniambia ukumbi una send-off jioni, sherehe ya kumuaga bibi harusi, lakini asubuhi kuna nafasi kuanzia saa nne hadi saa sita, tujitahidi tu tusiguse mapambo.

Tulipoingia nilitamani kulia. Ukumbi wote ulikuwa umevikwa vitambaa vya dhahabu na zambarau, maputo juu, maua ya plastiki kila nguzo. Mpambaji, mama mmoja mkali kuliko mimi, alikuwa ameshapanga kila kitu na hakutaka kiti kisogezwe hata inchi. Jopo tulikaa meza ya wazazi. Tulitakiwa kuwa watano, lakini mzee mwenzangu alikuwa ameshastaafu na tulikuwa watatu, na wa tatu alikuwa mhasibu aliyetumwa kukamilisha idadi. Mtetezi je? Mbele kulikuwa na kiti kimoja tu, kile cha bibi harusi, kikubwa, cheupe, chenye mgongo wa manyoya.

"Kaa, Mama," nikasema.

"Hapa?"

"Ndipo palipo."

Akakaa, na suti yake ya kitenge, miwani imening'inia kwenye uzi, tasnifu mapajani. Profesa wa Mbeya aliinama chini ya meza akijidai anatafuta kalamu. Nilimkanyaga mguu.

Mama alianza kueleza. Alieleza vizuri, sauti ile ya darasani inayofika dawati la nyuma. Hoja yake ilikuwa kwamba zamani vinyungu vingi vilikuwa mali ya wanawake, mama akimwachia binti, na kwamba ni vikao vya ukoo vya baadaye vilivyofuta jambo hilo na kudai halikuwahi kuwepo. Dakika ya kumi hivi mlango wa nyuma ukafunguka.

Lilikuwa basi la wageni wa send-off. Wametoka vijijini kule milimani, na kwa kuwa basi lilikodiwa siku nzima, dereva aliona awafikishe mapema akalale. Nje upepo wa Juni unakata masikio. Wakaingia na mablanketi yao mabegani, wakaona ukumbi umepambwa, meza ya wazazi ina watu wenye sura nzito, na mbele, kwenye kiti cheupe, mwanamke wa miaka hamsini na kitu anaongea kwa kujiamini. Halafu bibi mmoja akasema kwa sauti, "Mungu ni mwema, hajachelewa!" na vigelegele vikalipuka.

Kabla sijasimama, kina mama wanne walishashika njia ya katikati wanacheza, na kanga mpya wamezinyanyua juu. Walimfunika Mama kanga ya kwanza, ya pili ikamwangukia kichwani na kufunika miwani. Mhasibu akapiga makofi, nadhani alikuwa amesinzia. Nilinyakua kipaza sauti, nikawasalimu kwa Kihehe.

"Jamani! Jamani, kamwene!"

"Kamwene!" ukumbi wote ukajibu.

"Huyu siye bibi harusi. Hii siyo send-off. Huyu mama yuko kwenye mtihani."

"Mtihani?" Yule bibi aliyeshukuru Mungu akauliza. "Mtihani wa nini, mtu mzima hivyo?"

"Wa vinyungu," nikasema, maana sikuwa na njia nyingine ya kueleza.

Basi hapo ndipo nilipokosea. Kama ningesema wa falsafa wangetoka wote wakaote jua. Lakini vinyungu! Watu walioacha vinyungu vyao asubuhi hiyo hiyo, udongo bado uko kwenye kucha? Wakavuta viti wakakaa. Nikamgeukia profesa. Akanyanyua mabega. Kanuni zinasema utetezi ni wa hadhara, akasema, na katika miaka yake yote ya kutahini hiyo ndiyo hadhara ya kwanza aliyoiona.

Profesa akauliza maswali yake, ya nadharia, ya mbinu. Mama akajibu, kanga bado ziko mabegani. Kisha profesa, kwa uchokozi wake wa Kinyakyusa, akauliza kama kuna yeyote ukumbini mwenye swali.

Akasimama mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga blanketi la kijivu. Alikuwa shangazi wa bibi harusi mwenyewe, yule wa kweli, ambaye saa hiyo alikuwa saluni. Alimtazama Mama kwa muda.

"Wewe si ndiye yule mwalimu uliyekunywa chai yangu?"

Mama akavaa miwani. "Nafikiri, shangazi. Nilipita kwenu mwaka juzi."

"Ulipita mara mbili. Ukakaa sebuleni na mume wangu. Ukamuuliza habari za vinyungu mpaka jua likageuka. Mume wangu hajawahi kulima kinyungu tangu azaliwe. Mimi nilikuwa jikoni nakuchemshia chai. Hukuniuliza."

Ukumbi ulicheka, lakini mimi nikafunua ukurasa wa waliohojiwa. Niliisoma ile tasnifu mara tano, nikaweka alama kwenye kila koma. Mtu anaandika kuhusu bustani za wanawake, na orodha ya waliohojiwa imejaa wazee wa kiume tulioletewa na ofisi ya kijiji, na mimi msimamizi sikuona. Nilijisikia mjinga kweli kweli.

"Ni kweli, shangazi," Mama akasema. "Nilikosea. Nikuulize sasa?"

"Uliza."

"Mama humwachia nani kinyungu?"

"Mama hamwachii mtu. Mama ni wa kuja, ameolewa tu pale. Kwetu sisi kinyungu ni cha shangazi. Shangazi humwachia binti wa kaka yake. Binti akiwa mdogo, mama yake hukishika, anakilima, anamtunzia. Ndiyo maana mnawaona akina mama bondeni mkadhani ni vyao. Mimi cha kwangu nimempa huyu anayeagwa leo. Aende aolewe, kinyungu chake kipo."

Nikamwona Mama anaweka tasnifu chini, kwenye zulia la mpambaji. Akataja jina la kijiji chake. Akamtaja baba yake, na dada wa baba yake, aliyefariki zamani.

"Namjua," yule shangazi akasema. "Tulicheza pamoja. Kinyungu chake kilikuwa pale kwenye mkuyu, karibu na mfereji. Alikuwa anasema kabisa, cha binti wa kaka." Akasogea karibu, akasema polepole, "Kumbe binti mwenyewe ni wewe."

Mama alilia pale kwenye kiti cheupe, bila kuficha. Miaka sita alitafuta haki ya mama yake. Wale wazee wa kikao hawakumnyang'anya mama. Walimnyang'anya yeye, mtoto wa darasa la sita aliyekaa mlangoni. Akina mama wakamzunguka tena, safari hii bila kucheza. Hata mpambaji alikuja na karatasi laini.

Jopo tukatoka nje kujadiliana, tukijikunyata ukutani kukwepa upepo. Profesa hakuwa anacheka tena. Alisema kama ataandika masahihisho madogo, fomu inasainiwa saa hiyo, Mama anapata shahada, mambo kwisha. Lakini sura ya nne sasa alijua si sahihi. Akiandika masahihisho makubwa ni miezi mitatu, na idara ilikuwa na siku mbili. Mhasibu akasema kwa upole kwamba hakuna atakayesoma sura ya nne. Hakuwa na ubaya, alikuwa anasema kweli ya chuo chetu. Tukaamua kumwuliza mwenyewe.

"Niandike madogo, Mama?" profesa akamwuliza. "Ukitaka naandika."

Alijifuta macho na ncha ya kanga. "Profesa, mimi nimesema miaka yote kwamba wazee waliongopa kwenye kikao. Sasa na mimi niongope kwenye kitabu?"

Profesa akamtazama, akanitazama mimi, akatoa simu. "Ndaga fijo," alimshukuru kwa Kinyakyusa mtu wa upande wa pili baada ya maelezo marefu, akakata. Basi lake la saa nane lingeondoka bila yeye. Angekaa mpaka Jumatatu, ili sura ya nne iandikwe upya naye aisome. Na kwa kuwa sasa alikuwa mgeni wangu, alisema, nipike ule mchele wake, na niupike vizuri.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa uani, nyumbani kwa kina bibi harusi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi vya wageni, Mama anauliza, mimi nachapa kwenye kompyuta, vidole vimeganda kwa baridi. Wakaitwa kina mama wengine, kila mmoja akaeleza cha kwao, wakabishana, wakasahihishana. Nimefundisha chuo kikuu miaka kumi na sita na sijawahi kukaa kwenye semina kali namna ile. Mama aliuliza mara tatu tatu kila jambo. Jumatatu asubuhi profesa alisoma sura ya nne mpya amesimama kwenye ngazi za utawala, huku fundi anabadilisha kitasa cha ofisi yangu. Akasaini. Nikasaini. Mhasibu akasaini bila kusoma, Mungu ambariki.

Mkurugenzi wa Biashara alituita wiki hiyo hiyo. Nikajua nimekwisha. Kumbe alikuwa amesikia habari za vigelegele, na macho yalikuwa yanang'aa. Alitaka tuanzishe Kifurushi cha Utetezi: ukumbi, mapambo, mshereheshaji, kwa ngazi ya shaba, fedha na dhahabu. Wateja wachague. Kifurushi kipo hadi leo na kinanunuliwa. Mimi sasa nafundisha huduma kwa wateja, darasa la watu mia nne, na siku za kifurushi cha dhahabu huwa nasikia muziki wao kupitia ukutani.

Kwenye mahafali jina la Mama lilisomwa mwisho kabisa, chini ya kundi lililoitwa Wengineo. Alipanda jukwaani na zile kanga mbili juu ya joho. Baadaye kikao cha ukoo wake kilikaa tena, akaenda na tasnifu yenye jalada gumu jekundu, akaiweka mezani. Hakuna aliyeifungua. Aliyefungua kikao ni yule shangazi, aliyekuja naye kwa miguu kutoka kijiji cha pili, akasimama akasema aliyoyasema. Kinyungu kimerudi, siyo chote, upande wa mfereji tu. Mwezi wa tisa uliopita alinitumia maharage mabichi kwenye basi, mfuko mzima, na ujumbe kwamba nisigawe.

Nakala ya maktaba ilikataliwa. Rafu za tasnifu ziliondolewa kupisha kibanda cha juisi, na kupakia kwenye mfumo kulishindikana, kwa sababu mfumo unataka uchague idara, na idara yetu haimo kwenye orodha. Nikampigia Mama simu, nikamweleza, nikamwomba radhi. Akasema basi anajua pa kuipeleka.

Iko kwa shangazi, kabatini, juu ya albamu ya send-off. Shangazi hajui kusoma. Mjukuu wake wa darasa la saba humsomea Jumapili mchana, kurasa mbili mbili, na hapo ndipo simu yangu huita.

"Mwalimu, kamwene."

"Kamwene, shangazi."

"Ukurasa wa sitini na tatu. Mmeandika mfereji unapita juu ya mkuyu. Unapita chini."

Juzi nilikuwa nimechoka, nimetoka kwenye lile darasa la mia nne, nikajikuta nimesema, "Shangazi, ile idara ilishafungwa. Hakuna tena wa kusahihisha."

Nikamsikia mjukuu nyuma yake anauliza kama aendelee.

"Na mfereji," shangazi akasema, "si bado unapita chini?"

"Unapita chini, shangazi."

"Basi andika."

Nikachukua kalamu, nikafungua nakala yangu ukurasa wa sitini na tatu, nikaandika.